Musituambie tu "kuleni mboga": ondoeni bariyeri, wapeni walimaji siku yao ya soko

Wandugu vijana wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira, na nyinyi wote munaotusoma kutoka Kiliba, Sange, Luvungi, Makobola mpaka Baraka,

Kila wakati tunaona bango jipya mjini. Picha ya mama anayecheka, karoti mkononi, na maneno makubwa: familia ile mboga na matunda kila siku. Bango linasimamishwa, tishati zinagawiwa, wageni wanapiga picha, magari yanaondoka. Kesho yake mama wa Uvira anaenda sokoni na pesa kidogo za kulisha watu wanane. Anauliza bei ya nyanya, anaziacha palepale, ananunua unga wa muhogo, ndagala kidogo na kopo dogo la tomati iliyotoka ng'ambo. Kisha anaambiwa kwamba amekosa elimu ya lishe.

Sisi tunakataa. Mama wa Uvira hakukosa elimu. Amekosa bei.

Huyo mama anajua sombe itwangwe namna gani na ipikwe muda gani ili isidhuru mtu. Anajua lengalenga inayotoka leo na ile ya juzi iliyonyunyiziwa maji ili ionekane mbichi. Anajua matembele, anajua biringanya, anajua mtoto akipewa papai anapata nguvu. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi. Hakuna semina ya siku mbili, yenye soda na pesa ya usafiri, itakayomfundisha kupenda mboga. Anazipenda tayari. Anashindwa kuzilipa.

Hatusemi kwamba jambo la lishe ni dogo. Ni kubwa, na ndiyo maana tunakasirika. Katika nchi yetu zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa: urefu wao haulingani na umri wao, kwa sababu mwili haukupata unachohitaji katika miaka ya kwanza. Kudumaa hakuonekani kama njaa. Mtoto anacheza, anacheka, tumbo limejaa bugali. Lakini bugali peke yake ni nguvu ya siku moja. Unga wa muhogo unashibisha, ila vitamini A na ayani ndani yake ni kidogo sana. Hivyo viko katika majani ya kijani, katika embe na papai, katika mafuta ya mawese mekundu, katika ndagala wanaoliwa mzima na mifupa yao. Kamua ndimu juu ya lengalenga, na mwili unapokea ayani vizuri zaidi. Hivi si vyakula vya Ulaya. Ni vyakula vyetu, vinaota hapa.

Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na muhogo na viazi havihesabiwi humo. Fanya hesabu ya nyumba yenye watu wazima wanane: zaidi ya kilo tatu kila siku inayopita. Nani katika kartiye yako ananunua kilo tatu za mboga na matunda kila siku? Tuwe wakweli. Wengi wetu tunanunua fungu moja, na linagawanywa mpaka linakuwa rangi tu ndani ya sufuria.

Na sasa ndilo swali letu: kwa nini?

Mtu wa mbali akiangalia ramani atadhani tunaishi katika bustani. Kaskazini yetu kuna Bonde la Ruzizi, ardhi tambarare yenye mito inayoshuka kutoka milimani, mchele wa Luberizi, mahindi, nyanya, vitunguu. Magharibi kuna milima: muhogo, maharage, ndizi, na huko juu kabisa viazi. Kusini, barabara ya Fizi inafuata maji, na kila kijiji kina miembe na michikichi. Mbele yetu kuna ziwa Tanganyika lenye ndagala na mikeke. Mji gani Kongo umezungukwa na chakula kama Uvira? Lakini huo mji ndio unaokula tomati ya kopo.

Chakula kipo. Kinachokosekana ni njia ya haki kati ya shamba na sufuria.

Tutembee hiyo njia pamoja. Tuseme mlimaji wa upande wa Sange ana gunia la lengalenga. Hii ni hesabu ya mfano tu, lakini nenda ukamuulize mama yeyote anayeleta mizigo, atakuambia kama tunadanganya. Shambani gunia lina bei ya franka 10 000. Motari anataka 5 000 kulifikisha mjini, na hatumlaumu, mafuta ni bei na barabara ni mbaya. Njiani kuna bariyeri nne, kila moja 1 000: jumla 4 000. Kwenye kuingia sokoni, jetoni ya leo na "pesa ya usafi": 1 000. Gunia limefika 20 000 kabla muuzaji hajapata hata franka moja ya faida. Ndani ya hizo 20 000, 5 000 zimekwenda kwa watu ambao hawakulima, hawakumwagilia, hawakubeba. Robo nzima. Maana yake, kati ya kila mafungu manne ya lengalenga, fungu moja limeliwa njiani.

Limeliwa na nani? Na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Na kijana mwenye silaha au asiye na silaha, na mtu mwenye kidaftari kisicho na mhuri. Mlimaji akiuliza risiti anaambiwa ashushe mzigo. Akishusha mzigo, saa inapita, jua linapiga, na nyanya haingoji. Mahindi makavu yanaweza kukaa bariyerini mpaka jioni. Nyanya haiwezi, embe lililoiva haliwezi, mboga ya majani ndiyo kabisa. Kwa hiyo mlimaji analipa haraka. Mwenye bariyeri anajua hivyo, na kwa sababu hiyo chakula kibichi ndicho kinachonyonywa kuliko vyote. Kopo la tomati linaweza kukaa mwaka mzima bila kuoza. Ndiyo maana kopo linashinda.

Tusidhani hii ni hadithi ya vijana wenye hasira. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walipata 798. Watu waliobeba chakula vichwani wanalipa pamoja na magari makubwa. Ripoti hiyo ilisomwa Kinshasa, ilisomwa Brussels. Je, kamba ngapi zilikatwa?

Sasa tuseme sheria, kwa sababu wengine wanatuambia "vijana hawajui sheria". Tunaijua. Wengi wetu tumemaliza inivesite, tuna diplome kwenye bahasha na muda mwingi wa kusoma, kwa sababu kazi hakuna. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Na sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2018 imeorodhesha kodi na takse ambazo jimbo, mji, komini na sheferi zinaweza kudai. Tusome vizuri: ni orodha. Kisichokuwa ndani ya orodha hakidaiwi. Pesa inayotolewa bila risiti si takse. Ni wizi wenye kofia ya serikali.

Mwaka 2003, kule Maputo, wakubwa wa Afrika waliahidi kwamba kila nchi itaweka asilimia 10 ya bajeti yake katika kilimo. Miaka imepita zaidi ya 20. Mlimaji wa Ruzizi bado anaiona serikali mara mbili tu: siku ya kura na siku ya bariyeri.

Kwa hiyo tunadai nini? Tunadai kitu kidogo, kinachowezekana, kisichongoja ndege ya mfadhili. Tunadai siku ya soko la walimaji ndani ya Uvira: siku mbili kwa wiki, mahali pamoja panapojulikana, ambapo aliyelima ndiye anayeuza, na familia inanunua mkononi mwake.

Tunajua majibu yatakayokuja. Tuyajibu mapema.

Watasema: masoko yapo tayari, Mulongwe lipo, Kalimabenge lipo. Ndiyo, yapo. Lakini mlimaji anayefika pale na gunia lake hana nafasi ya kukaa. Anakutana na mtu anayemwambia bei moja tu, achukue au aondoke nalo. Anauza upesi kwa hasara ili apate motari wa kurudi kabla ya usiku, kwa sababu usiku barabara si ya watu. Sisi tunataka mahali ambapo hafukuzwi na hakimbizwi.

Watasema: na wamama wanaouza rejareja, munataka wafe njaa? Hapana. Hao ni mama zetu. Wengi wetu tulisomeshwa kwa mafungu ya mboga na ndagala za besani. Kwanza, ni siku mbili, siku tano zinabaki. Pili, mama muuzaji naye analipa ile robo ya njiani. Ananunua ghali, anauza ghali, na mteja anapokosa pesa mboga zinamwozea yeye. Bariyeri zikitoka, yeye ndiye wa kwanza kupumua. Adui wa familia si mama mwenye besani, na asitokee mtu akatugombanisha naye.

Watasema: mboga mbichi zinaleta kolera. Hili ni jambo la kweli na hatulichezei. Uvira inajua kolera kuliko miji mingi ya dunia. Lakini ugonjwa haukai ndani ya nyanya. Unatoka kwenye maji machafu yanayoosha nyanya, kwenye mtaro uliojaa, kwenye soko lisilo na choo. Sombe iliyochemka vizuri haileti kolera. Embe lililooshwa kwa maji safi halileti kolera. Kama munaogopa kolera, na sisi tunaogopa, wekeni bomba la maji na vyoo sokoni. Musimwambie mtoto akose embe kwa sababu mji umekosa bomba.

Watasema: pesa hakuna. Basi tuwapeleke mbali kidogo. Brazili kuna mji unaitwa Belo Horizonte. Mwaka 1993 uongozi wa mji uliamua kwamba chakula ni haki ya mwenyeji, na kwamba mtu asiyeweza kununua chakula bado ni raia wa mji. Walifanya nini? Pamoja na mambo mengine, waliwapa walimaji wa vijiji vya karibu nafasi ndani ya mji ili wauze wenyewe moja kwa moja kwa watu. Mlimaji alipata zaidi, mnunuzi alilipa kidogo. Mpango wote wa chakula wa mji ule ulichukua chini ya asilimia 2 ya bajeti yake. Belo Horizonte ni mji mkubwa, na sisi hatufanani nao kwa mali. Lakini kumpa mlimaji kiwanja na kivuli si jambo la utajiri. Ni jambo la kuamua.

Halafu tusisahau mwaka 2020. Mpaka wa Gatumba ulifungwa kwa sababu ya korona, na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mto Mulongwe ulijaa ukaingia ndani ya nyumba. Watu walikufa, maelfu walilala nje. Katika majuma yale tuliona mji unaotegemea chakula cha ng'ambo unavyokaa mtego unapofungwa. Mpaka unaweza kufungwa tena. Mto unaweza kujaa tena. Vita, hatuna haja ya kuvieleza, munavijua. Mji ambao haukujenga njia safi kati yake na walimaji wake unajenga njaa yake.

Na kuna jambo jingine, pengine kubwa kuliko bei. Hapa kwetu kuna watu wanaoishi kwa kutugawanya: huyu wa bondeni, huyu wa mlimani, huyu wa ziwani, huyu mwenyeji, huyu mgeni. Lakini aliyelima maharage mlimani anahitaji chumvi na ndagala, na mvuvi anahitaji maharage. Sokoni watu wanabishana juu ya bei, hawabishani juu ya babu zao. Soko ambalo mtu wa kila kabila anaweza kufika, kuuza na kurudi nyumbani salama ni kazi ya amani kuliko mikutano mingi ya hotelini.

Madai yetu ni haya, na tunayasema kwa meya wa mji, kwa maburugumesta wa komini tatu, kwa wakubwa wa sheferi za Bavira, Bafuliiru na Bonde la Ruzizi, na kwa serikali ya jimbo:

1. Siku mbili kwa wiki za soko la walimaji Uvira, kwenye kiwanja kinachojulikana, chenye kivuli, maji safi, vyoo na mahali pa kutupa takataka.

2. Siku hizo, chakula kibichi kinachobebwa kichwani, kwa kinga au kwa pikipiki kisitozwe chochote njiani, kuanzia Kamanyola mpaka Uvira na kuanzia Baraka mpaka Uvira.

3. Jetoni moja tu sokoni, bei yake iandikwe kwenye ubao mlangoni kwa Kiswahili, na risiti itolewe kila mara.

4. Orodha ya takse zote halali ibandikwe kwenye kila soko na kila bariyeri. Bariyeri isiyoweza kuonyesha karatasi yake iondolewe.

5. Nafasi za mbele zihifadhiwe kwa wamama wanaoshuka na mizigo kichwani kutoka milimani. Wanatembea mbali kuliko wote, na ndio wanaofika wamechelewa.

Sisi vijana hatuji mikono mitupu. Tuko wengi, hatuna kazi, lakini tuna miguu na tuna simu. Tunajitolea kufanya salongo ya kusafisha kiwanja watakachotupa. Tunajitolea kusimama pale siku za soko, kuandika bei za siku na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kartiye, ili mama wa Kasenga ajue bei ya nyanya kabla hajatoka nyumbani. Na kuanzia sasa tunafungua daftari la bariyeri: tarehe, mahali, kiasi kilichodaiwa, risiti ilitolewa au haikutolewa. Hatutaandika jina la mlimaji yeyote, kwa usalama wake. Tutapeleka hesabu hiyo kwa wakubwa kila mwezi, kwa amani, mikono wazi, mchana kweupe. Wakikataa kuipokea tutakaa mlangoni mpaka waipokee.

Na kwako wewe ndugu unayesoma hii kwenye simu, neno moja la nyumbani. Tumezoea kucheka mtu anayekula matembele, kumwita wa kijijini, na kumheshimu mwenye soda na spageti. Tuache. Hela kidogo tuliyo nayo ni kura pia. Ukiwa na franka 1 000 ya mkate mtamu, jaribu siku moja kuipeleka kwa mama mwenye maembe. Muulize yametoka wapi. Muulize amelipa bariyeri ngapi. Utasikia siasa ya nchi hii vizuri kuliko redioni.

Wenye mabango, hatuwachukii. Picha yenu ni nzuri. Lakini bango halipunguzi bei ya lengalenga hata franka moja. Chukueni pesa ya bango linalokuja mununue bomba la maji la soko. Na nyinyi wenye kamba barabarani, na nyinyi wakubwa munaozijua hizo kamba na kunyamaza: kila mara kamba inaposhushwa, kuna sahani ya mtoto mahali fulani inayopungua. Hesabu hiyo tutaiandika.

Tunataka kula kilicho chetu. Hatuombi msaada. Tunaomba njia.

Kateni kamba. Fungueni soko.

Sisi, vijana raia wa Uvira